Kabla Hujasema "Bwana Ameniambia"

Juzi kwenye mkesha kijana mmoja alisimama kutoa ushuhuda. Badala ya kusikiliza nilikuwa nahesabu, Mungu anisamehe: alisema "Bwana ameniambia" mara kumi na moja. Bwana alimwambia akae mbele. Bwana alimwambia abadilishe shati. Bwana akamwambia dada fulani ana uchungu moyoni, na dada mwenyewe alikuwepo, akainamisha kichwa, wala si kwa kubarikiwa. Nusura nimvute kwa hilo hilo shati. Kisha nikakumbuka mimi nilivyokuwa wakati wokovu wangu bado mbichi, nikatulia.

Kwa hiyo haya ni yenu, ninyi mlioanza majuzi kukaa kwenye maombi na kutega sikio. Sitawaeleza kufunga ni nini wala mzigo wa maombi ni nini. Mnayajua, na kwa kukesha mnanishinda.

1. Soma kwanza. Mnaililia sauti huku Neno lenyewe mnalifungua Jumapili kwa Jumapili. Jambo lililokwisha kujibiwa halihitaji mfungo wa siku tatu. Kuna ndugu alinijia tushirikiane katika maombi ili ajue kama ni mapenzi ya Mungu arudishe pesa aliyokopa. Nikamwambia arudishe, halafu aje tuombe. Hajaja mpaka leo.

2. Andika, na uweke tarehe. Habakuki aliambiwa aiandike njozi. Kumbukumbu zetu ni mawakili wetu: neno likitimia, unakumbuka ulisema wazi kabisa, lisipotimia, unakumbuka ulisema "huenda". Daftari halikutetei.

3. Ishara. Kila mmoja wenu ana ngozi yake ya Gideoni, yaani ishara anayomtaka Mungu amthibitishie. Someni tena Waamuzi 6. Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya kabla hajatandika ngozi yoyote, na mwenyewe alikiri hivyo akiwa anaomba. Halafu tazameni alichoomba: ngozi iloe umande na ardhi yote iwe kavu, kesho yake kinyume chake. Ninyi mnaomba simu iite kabla hamjamaliza kupiga mswaki. Mpendwa, simu yako huita kila dakika tano.

4. Hili la nne ndilo lililonifanya niandike, mnivumilie.

Nilikuwa na rafiki tuliyeomba naye kila Alhamisi. Mama yake akaugua, akalazwa mbali na alikokuwa akisoma. Rafiki alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye mitihani ya mwisho. Akaniuliza: niende sasa, au nimalize kwanza? Nikamwambia anipe siku moja nifunge.

Usiku ule nilipata kila kitu mnachokitafuta. Joto kifuani. Machozi. Ule utamu unaokufanya usitake kuinuka magotini. Nikafungua Biblia bila kuchagua, ikafunguka Isaya 38, mfalme Hezekia mgonjwa anaongezewa miaka 15. Niliruka, nawaambia. Saa tisa za usiku nikamtumia ujumbe: "Bwana ameniambia mama hafi. Fanya mitihani yako kwa amani." Sikuandika "nadhani". Sikuandika "nimesoma mahali pamenigusa". Niliweka jina la Bwana mwanzoni mwa sentensi, kama mtu anayegonga muhuri.

Alifanya mitihani mitatu kwa amani. Mama alifariki asubuhi ya mtihani wa nne.

Tukio hili nimeligeuza pande zote kwa miaka. Joto lilikuwa la kweli, maana yule mama nilimpenda, aliniita mwanangu. Machozi yalikuwa ya kweli. Utamu ule huenda kabisa ulikuwa Mungu akinifariji mimi niliyekuwa na hofu. Sijawahi kulikana hilo. Nilipopotea ni pale nilipokichukua nilichokihisi nikakigeuza kuwa taarifa ya daktari. Na ile Biblia? Haikufunguka kwa muujiza. Mwezi mzima kikundi chetu kilikuwa kinasoma Isaya, kitabu chenyewe kilikuwa kimeshazoea kupasukia pale. Zaidi ya hayo, sura hiyo hiyo, mstari wa kwanza, Isaya anamwambia Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu atakufa. Mimi nilianzia mstari wa tano.

Mngedhani niliishia hapo. Baada ya mazishi nilimfuata rafiki na kumfafanulia kwamba uponyaji mkamilifu uko mbinguni, kwamba "hafi" lilikuwa neno la uzima wa milele, na mimi ndiye sikulipambanua vizuri. Nilikuwa najiokoa kwa kulikunja neno hadi litoshe. Alinitazama tu. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Ilinichukua karibu miaka miwili kwenda mlangoni kwake na kusema maneno manne: Mungu hakusema, nilisema mimi. Akajibu, "Nilijua. Ila kwa muda mrefu nilimkasirikia asiyehusika." Tukakaa kimya kitambo. Kisha akanielezea habari za mama yake, mambo ambayo angependa kumwuliza. Nilisikiliza yote. Ndiyo ilikuwa sehemu yangu ya deni, na bado haikufika hata robo.

Nathani naye alikosea, na alikuwa nabii kweli. Daudi alimweleza kuhusu kujenga nyumba ya Mungu, Nathani akamjibu pale pale: nenda ukafanye yote yaliyo moyoni mwako. Lilikuwa wazo zuri, la kimungu kabisa, na halikuwa neno la Bwana. Usiku ule ule akasahihishwa, akarudi kwa mfalme kusema kinyume cha alichosema mchana. Usiku mmoja. Mimi miaka miwili.

Tangu hapo, kabla sijafungua kinywa najiuliza: nikiwa nimesikia vibaya, nani atalipa? Nikiwa ni mimi, naondoka na imani yangu, nikianguka nitajifunza. Akiwa ni mwingine, atakayelipa kwa ndoa yake, kazi yake, dawa zake au siku za mwisho za mama yake, ninafunga mdomo na kuendelea kuomba.

5. Wapeni wengine wapambanue; 1 Wakorintho 14:29 inasema hivyo hata kwa manabii, sembuse ninyi na mimi.

6. Kungoja. Katika Yeremia 42 watu walimjia Yeremia wakiwa na hofu, wamefungasha wanataka kukimbilia Misri, wakamwomba awaulizie kwa Bwana. Neno lilikuja baada ya siku kumi. Hebu fikiria siku ya sita, watu wamejaa mlangoni, na nabii mwenye jina kubwa hana la kuwaambia. Angeweza kutunga jambo la maana sana. Na msisahau sura ya 32, ninayoipenda kuliko zote katika habari hizi: aliambiwa kwamba Hanameli, mtoto wa ami yake, atakuja kumtaka anunue shamba la Anathothi. Hanameli akaja kweli, na hapo ndipo Yeremia anaandika kwamba alijua lile lilikuwa neno la Bwana. Hapo ndipo! Yeremia! Alikuwa ameliweka moyoni bila kulitangaza, akangoja aone kama mtu atatokea. Kisha akapima shekeli 17 za fedha, akanunua, huku mji umezingirwa na jeshi.

7. Mnaniuliza sauti ikoje, na ninyi mnataka nijibu kama mtu anayeelezea mlio wa kengele. Kwangu mara nyingi ni jambo fupi. Huja nikiwa naosha vyombo kuliko nikiwa nimepiga magoti, jambo ambalo limeniudhi sana. Haliniharakishi. Hofu yangu hunisukuma, tamaa yangu hunibembeleza, lenyewe linakaa tu pale hadi nirudi. Na mara nyingi linanihusu mimi: lile jibu ulilompa mkeo asubuhi, rudi ukaliangalie.

Wakati mwingine ni jina la mtu. Likinijia mara ya pili au ya tatu, napiga simu. Sisemi nimetumwa. Nasema nimekukumbuka, jambo ambalo ni kweli kwa vyovyote vile. Mara nyingi naambiwa, "Mzee, nilikuwa nimelala." Sawa, lala. Mara chache mtu hunyamaza, halafu nasikia pumzi zake zinabadilika, na tunaongea hadi usiku wa manane. Sijui nitenganishe vipi hizo simu mbili kabla ya kupiga, kwa hiyo napiga zote.

Mkikosea, msikate tamaa. Samweli aliitwa na Bwana, akamkimbilia Eli mara tatu akidhani ndiye anayemwita. Tunamcheka mtoto na kumsahau mzee: Eli naye, kuhani wa miaka yote ile, hakutambua mpaka mara ya tatu, na mara mbili za kwanza alimwambia mtoto arudi akalale.

Yule kijana alinifuata mkesha ulipokwisha. Aliniuliza kwa unyenyekevu mwingi kama Bwana ameniambia lolote juu yake. Nikamwambia hapana, ila mimi mwenyewe, kwa akili zangu, naona amwendee yule dada amwombe radhi. Akatoa simu, akaandika. Nikamwomba nione. Ameandika: "Mzee amesema. Bwana hajasema."

Nikamwambia aongeze tarehe.