Gesi ipo, mtungi umejaa

Mpwa wangu wa miaka 19 alimwambia bibi yake, "Bibi, unanigasilaiti." Kosa la bibi ni kukana kwamba alimwahidi pesa ya buibui la Sikukuu. "Gesi ipo," bibi akajibu, "mtungi tumebadilisha juzi." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Neno lenyewe, yaani kumfanya mtu aitilie shaka akili yake mwenyewe, limetoka kwenye Gas Light, mchezo wa kuigiza wa Patrick Hamilton ulioonyeshwa London mwaka 1938. Filamu ya 1944 akacheza Ingrid Bergman. Usiku mume hupanda darini kusaka vito. Akiwasha taa ya gesi huko juu, za chini hufifia. Mke akiuliza, huambiwa ni mawazo yake tu. (Sisi tuliokaa kizani bila umeme Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, angalau hakuna aliyetwambia taa zinawaka.) Mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ililitangaza neno la mwaka, na sasa kila anayebishiwa kagasilaitiwa.

Bibi kasahau, au kakataa kutoa. Basi. Yaliyonikuta mimi ni mengine.

Nilikuwa nashona kofia, pesa naziweka kwenye mkebe chini ya kanga. Kila nikihesabu, pungufu. Mume niliyekuwa naye wakati ule hakusema "sijui". Alisema kwa upole: "Hukuziweka, bibie. Siku hizi unasahau sana." Funguo zikahama. Mkebe ukapotea, kesho yake uko palepale. Mbele ya wageni hunitania nimeshazeeka. Nina miaka 31! Nikaenda mwenyewe kwa mwalimu, nikaandikiwa kombe (aya za Kurani zinazoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji), nikanywa siku saba nikiomba akili yangu irudi. Wakati huo hakuwa tena na haja ya kunikanusha. Nilijikanusha mwenyewe.

Kilichonitoa ni daftari la shule. Kila nikiweka pesa naandika tarehe na kiasi, na daftari linalala kwa dada yangu, mtaa wa Kikwajuni, maana la nyumbani nalo lingehama. Sikumwonyesha mume, sikugombana. Wiki ya tatu nikajua kichwa changu kizima, na mkono unaoingia kwenye mkebe si wangu. Ya talaka ni hadithi nyengine.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimuuliza: bibi anakubishia ahadi, au anataka usiyaamini macho yako? Akanuna. Pesa ya buibui bado anaidai. Nimemshauri safari ijayo aandike tarehe.