Steji ni ya matatu

Mhariri, wiki jana mliuliza: pale bendi inaposimama kupiga muziki paitwe jukwaa, steji au ulingo? Mimi hubeba spika na kufunga nyaya za bendi hapa Kisumu, kwa hiyo mgongo wangu una la kusema.

Steji sitaki. Kwetu Kenya steji ni kituo cha matatu, yale magari ya abiria, si kingine. Tulialikwa harusini karibu na Ahero, nikampigia simu mpiga solo: "Fanya haraka, niko steji." Kijana akateremka steji ya Ahero, akakaa na gitaa magotini akila mahindi choma hadi keki ikakatwa. Nauli ya siku hiyo bado ananidai.

Ulingo nao una kazi yake ya zamani: ni kile kichanja cha miti shambani anachopanda mtu kuamia ndege wasile nafaka. Siku hizi mabondia wamelichukua neno, wanasiasa wakafuata. Nikisikia mwimbaji yuko ulingoni, nangoja ngumi. (Ingawa wapo waimbaji ninaowajua ambao kweleakwelea wa mashamba ya mpunga wangewakimbia.)

Limebaki jukwaa, nami nasimama nalo. Fundi anayepaka ghorofa rangi husimama juu ya jukwaa, na hata mtu wa kunyongwa alipandishwa jukwaani. Maana yake haijifichi: mbao au vyuma vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Ndiyo maana tunasema kupanda jukwaani. Humsikii mtu akisema kupanda sakafuni.

Hapo ndipo ninapogombana na washereheshaji. Bendi imebanwa kwenye kona ya baa, miguu juu ya saruji ileile ya wateja, naye mshereheshaji anapaza sauti: "Wakaribisheni jukwaani!" Jukwaa gani? Mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, hukaa kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao za chombo, watu wamemzunguka. Hana jukwaa wala halihitaji. Pale ni uwanjani, na neno hilo halimpunguzii heshima hata chembe.

Siku hizi mteja akiniambia jukwaa lipo, huuliza kwanza limeinuka futi ngapi. Wengi hunyamaza kidogo, kisha husema kuna zulia.

Msomaji, Kondele, Kisumu