Nafasi Kwanza, Saa Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Mita 1500 za Wanawake

Rio mwaka 2016 Faith Kipyegon alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa 4:08.92. Julai 2025 kule Eugene akaweka rekodi ya dunia ya 3:48.68. Hizo sekunde 20 zilikwenda wapi? Au wapinzani wa Rio walikuwa dhaifu? – Msomaji, Kapsabet

Dhaifu hawakuwa hata kidogo. Genzebe Dibaba wa Ethiopia, aliyeshika nafasi ya pili, ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia wakati huo: 3:50.07, aliyoiweka Monaco mwaka 2015. Kilichotofautiana ni aina ya mbio. Mbio za mwaliko huwa na sungura wanaoweka kasi tangu risasi ilie, na pembeni ya njia hukimbia taa zinazoonyesha mwendo unaotakiwa. Mkimbiaji anashindana na saa. Ukigawa 3:48.68 kwa mizunguko mitatu na robo tatu, unapata takribani sekunde 61 kwa kila mzunguko, bila kulegea popote.

Kwenye fainali ya ubingwa sungura hawaruhusiwi. Anayekwenda mbele anakata upepo kwa ajili ya wengine wote, na hakuna anayemshukuru. Ndiyo maana Rio mzunguko wa kwanza ulizidi sekunde 75, mwendo ambao wanariadha wale huutumia mazoezini. Ilipobaki takribani mizunguko miwili Dibaba akafyatuka, Kipyegon akamfuata na kukaa nyuma yake, kisha akampita ndani ya mita 200 za mwisho. Mita 800 za mwisho alizimaliza chini ya dakika 2. Ni kama mbio za mita 800 za daraja la juu, zilizotanguliwa na mita 700 za kuviziana.

Kwa hiyo msiuone muda wa 4:08 mkadhani mbio zilikuwa rahisi. Mbio za polepole zinamtesa mwenye pumzi ndefu asiye na kasi ya mwisho. Mkimbiaji wa namna hiyo ana dawa moja tu: awachoshe wenzake mapema. Sifan Hassan wa Uholanzi alifanya hivyo kwenye ubingwa wa dunia wa Doha mwaka 2019, akashika usukani mapema na kumaliza kwa 3:51.95. Kipyegon, aliyekuwa amerudi uwanjani baada ya kujifungua mwaka uliotangulia, alikuwa wa pili kwa 3:54.22. Lakini dawa hiyo ina hatari yake. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Gudaf Tsegay wa Ethiopia aliongoza kwa kasi kubwa mizunguko ya mwanzo, na medali zikachukuliwa na waliokuwa nyuma yake: Kipyegon 3:51.29, Jessica Hull wa Australia 3:52.56 na Georgia Bell wa Uingereza 3:52.61.

Mwanafunzi wangu ana 4:40. Anaogopa kusongwa, kwa hiyo hukimbia pembeni, nje ya wenzake, mbio nzima. Je, anapoteza kiasi gani? – Mwalimu wa michezo, Mbulu

Mwalimu, anapoteza zaidi ya anavyodhani, na hesabu yake unaweza kuifanya ubaoni mbele ya darasa. Mtu akikimbia mita 1 nje zaidi ya mwenzake, kila kona nzima inamwongezea mita 3.14. Mita 1500 zina kona 7 kamili. Hiyo ni mita 22. Kwa mwendo wa 4:40 anapita mita 5.36 kwa sekunde, kwa hiyo amelipa zaidi ya sekunde 4. Mguu wake ni wa 4:36, karatasi ya matokeo inasema 4:40.

Hata hivyo usimsukume akae ndani kabisa, amebanwa na ukingo. Huko ndiko anakofungiwa: mbele mtu, kando mtu, nyuma mtu, na kengele ya mzunguko wa mwisho inalia. Nafasi nzuri ni ya tatu au ya nne, nusu bega nje ya aliye mbele yake. Hiyo nusu mita itamgharimu kama sekunde 2, lakini ananunua uhuru wa kutoka. Mfundishe pia kwamba kwenye sehemu iliyonyooka kukaa nje hakumwongezei umbali. Basi apande mbele huko, na kona ikikaribia arudi ndani.

Mwanzo wa mbio usiupuuze. Wote husimama kwenye mstari mmoja uliopinda, amri ni “kwenye nafasi zenu” kisha risasi, na wana takribani mita 100 tu kabla ya kona ya kwanza. Aliyepangwa nje hana haja ya kukata ndani kwa pupa, maana hapo ndipo miguu inapogongana. Aende sambamba na wenzake, ashuke taratibu.

Akishafungiwa, makosa tunayoyaona ni mawili. La kwanza ni kutumia kiwiko: mwamuzi akiona umemsukuma mwenzako, unaweza kufutwa. La pili ni kungoja “nafasi ifunguke” hadi mita 150 za mwisho. Wakati mwingine inafunguka, kama ilivyomtokea Jennifer Simpson wa Marekani kwenye ubingwa wa dunia wa London mwaka 2017, alipopenya upande wa ndani na kupata fedha, lakini huo si mpango wa kuufundisha. Njia ya uhakika ni kulegeza nusu hatua kwenye sehemu iliyonyooka, kumwacha wa kando apite, kutoka nyuma ya mgongo wake, kisha kupanda. Afanye hivyo kabla ya kengele. Baada ya kengele kila nusu hatua ni medali ya mtu mwingine: London ile ile, kati ya Kipyegon aliyeshinda kwa 4:02.59 na Laura Muir wa nne palikuwa na sekunde 0.38 tu.

Zoezi lake: wakimbiaji wanne, mita 600 kwa dakika 1 na sekunde 57, kisha bila kusimama mita 300 kwa sekunde 52. Wapumzike kwa kutembea dakika 8, warudie hadi zitimie mara 3. Kila mara mwingine awekwe ndani, afungiwe, atafute njia ya kutoka kabla mita 600 hazijaisha. Mara ya tatu ikizidi sekunde 55 kwenye zile mita 300, mwanzo ulikuwa wa haraka mno. Mara moja kwa wiki inatosha.

Binti yangu aliangushwa kwenye mchujo, akakaa chini akilia. Kocha anasema angemaliza. Kwa faida gani? – Mzazi, Iten

Pole, mama. Kocha yuko sahihi. Kanuni za dunia zinampa mwamuzi uwezo wa kumwingiza kwenye hatua inayofuata mkimbiaji aliyezuiwa au kuangushwa, lakini kwa kawaida ni yule aliyejitahidi kwa dhati kumaliza. Aliyekaa chini amejifungia mlango mwenyewe. Rufaa nayo ina muda: dakika 30 tangu matokeo rasmi yatangazwe. Rufaa husaidia kweli. Kwenye fainali ya mita 5000 Paris, Kipyegon alifutwa kwa kumzuia mwenzake, Kenya ikakata rufaa, na medali ya fedha ikarudi.

Wakati mwingine hata rufaa haihitajiki. Tokyo mwaka 2021 Hassan alianguka mchujoni mzunguko wa mwisho ukianza. Akainuka, akawapita wote na kushinda. Hilo si la kumtarajia kila msichana, lakini kuinuka kunafundishika.

Je, kukanyaga mstari wa ndani mara moja kunafuta mbio? – Msomaji, Kampala

Mara moja kwenye kona, bila kupata faida na bila kumsumbua mtu, hakufuti. Ila huandikwa. Ukirudia, hata kama ni kwenye hatua inayofuata ya mashindano yale yale, unafutwa.

Mita 800 Tokyo 2025, Lilian Odira alishinda kwa 1:54.62, lakini wa pili na wa tatu tuliona wamefika pamoja. Waliamuaje? – Msomaji, Mombasa

Kwa picha ya mstari wa kumaliza. Georgia Hunter Bell (ndiye Georgia Bell yule wa Paris) 1:54.90, Keely Hodgkinson 1:54.91. Kwa kasi ile, sekunde 0.01 ni kama sentimita 7. Kinachopimwa ni kiwiliwili: kichwa, shingo, mkono na mguu havihesabiwi. Kwa hiyo anayenyoosha mkono mbele hajapata kitu, na anayeinamisha kifua hatua tatu nne kabla ya mstari anapoteza mwendo na kuanza kuyumba. Kifua kitupwe kwenye hatua ya mwisho kabisa, macho yakiwa yamevuka mstari tayari.