Atasimama 2027, au Anapandisha Bei?

Mwezi huu karibu kila barua ya wasomaji wangu inamtaja mwanamke anayesemekana anautaka urais wa Kenya. Majina nimeyaondoa mwenyewe, kwanza kwa kuwa hakuna aliyetamka lolote waziwazi, na pili kwa kuwa wasomaji wa Pwani na wa Mlimani, yaani eneo la Mlima Kenya, hawamtaji mtu yuleyule. Ninaowajibu wanajua nilikotoka: miaka mingi nilikuwa katibu wa tawi la chama huko Ukambani, kazi ya daftari, mihuri na kuwapigia simu watu ambao hawajalipwa.

*Mama, habari ya siku? Huku Thika mabango yake yamejaa, yana sura yake na "2027", basi. Wanahabari wakimuuliza anacheka, anasema wakati ukifika tutajua. Sisi wa steji tumegawanyika, wengine wameanza kuwekeana dau. Atasimama kweli, ama ni porojo?* — Msomaji, Thika

Mwanangu, dau lako usiliweke kwa sababu ya bango. Bango hulipiwa na yeyote, hata na mpinzani anayetaka kumgombanisha na wakubwa wake.

Tazama saini. Katiba, kifungu cha 137, inamtaka mgombea urais aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, na kaunti hizo ziwe zaidi ya nusu. Kaunti ni 47, kwa hiyo anahitaji 24, na jumla ya saini ni 48,000. Zile 2,000 za nyumbani hupatikana kwa wiki moja ya mikutano ya kanisa na chama cha akina mama. Shida ni kaunti ya kumi na tano, ya ishirini, mahali ambapo hana shemeji wala mwanafunzi mwenzake. Nimekusanya saini hizo. Unafika sokoni na fomu, mtu anasikia "nipe nambari ya kitambulisho," anakuuliza kama unamfanya mdhamini wa mkopo. Mwingine anaandika vizuri, halafu anasimama palepale akingoja ya chai. Na mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilidai pia nakala za vitambulisho vya hao watu, jambo lililopelekwa hadi mahakamani. Makumi ya watu walikuwa wametangaza nia mwaka huo. Waliofika kwenye karatasi ya kura ni wanne.

Kwa hiyo swali la kuuliza pale steji si kama anautaka urais. Ulizeni: Je, ana mtu wake Busia? Ana ofisi Garissa, hata chumba kimoja chenye meza? Huenda Narok siku ambayo hakuna matanga ya mkubwa? Mwanasiasa anayeonekana ugenini wakati wa mazishi tu hajaanza kazi.

Ada ya kujiandikisha isiwazuge. Mwaka 2022 ilikuwa shilingi 200,000, na wanawake walilipa nusu yake. Hiyo ni pesa ndogo. Pesa kubwa ni ya maajenti, wale wanaokulindia kura vituoni. Vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000 mwaka huo. Ukimweka ajenti mmoja kila kituo ukampa shilingi 1,000 tu, umeshatoa zaidi ya milioni 46 kabla hujanunua maji ya kunywa. Na ajenti asiyelipwa huondoka saa kumi jioni, kabla debe halijafunguliwa. Chama nilichokitumikia, ambacho sikitaji, kiliwahi kuwaacha wangu bila senti. Hadi leo kuna nyumba nazipita nikiangalia upande mwingine.

Sasa nikwambie ninachoamini. Katika siasa za Kenya jina la mwanamke likitajwa kwa urais, mara nyingi mazungumzo yenyewe ni ya kiti cha pili, cha naibu rais. Ni kama mwenye mbuzi mnadani: anataja bei ya juu ili akishushwa afikie pale alipopataka tangu asubuhi. Mwaka 2022, kati ya wale wagombea wanne, watatu waliwachagua wanawake kuwa wagombea wenza: Raila Odinga alimchukua Martha Karua, Wajackoyah akamchukua Justina Wamae, Mwaure akamchukua Ruth Mutua. Kiti cha juu hakikuwa na mwanamke hata mmoja. Karua alikuwa ameshagombea urais mwenyewe 2013 na chama cha Narc-Kenya, akapata kura zisizofika 44,000. Miaka tisa baadaye ndipo alipoikaribia Ikulu zaidi, akiwa mwenza.

Sisemi kupandisha bei ni dhambi. Charity Ngilu aligombea urais 1997 kwa tiketi ya chama cha SDP. Kauli yake, "Masaa ya Ngilu", iliandikwa hadi kwenye kuta za posho mill. Alikuwa wa tano, na karibu kura 490,000. Watu wakacheka. Lakini 2002 upinzani ulipoketi kuunda muungano wa NARC, hakuna aliyethubutu kupanga meza bila yeye, na 2003 akawa Waziri wa Afya. Zile kura zilimnunulia kiti.

Kuna na ishara moja ambayo sijaona ikikosea sana. Kama huyo wenu ni gavana wa awamu ya kwanza, kumbuka sheria haimruhusu kugombea viti viwili. Akitaka urais anauacha ugavana alio na uhakika nao nusu. Wachache wana roho hiyo. Kama ni wa awamu ya pili, hana cha kupoteza, na hapo mimi pia ningeanza kumsikiliza.

*Mama, katika chama chetu cha merry-go-round wanasema wanawake ndio hawapigii wanawake kura, kwa hiyo tusijisumbue. Wewe umekaa vituoni. Ni kweli?* — Msomaji, Voi

Dada, usemi huo nimeuchoka. Hapo jirani yenu tu, Kwale, Fatuma Achani alichaguliwa gavana 2022. Gladys Wanga alichukua Homa Bay, Susan Kihika Nakuru, Wavinya Ndeti Machakos, Cecily Mbarire Embu, Kawira Mwangaza Meru, na Anne Waiguru akarudi Kirinyaga. Saba. Mwaka 2017 walikuwa watatu, na 2013 hakukuwa na hata mmoja. Hao walipigiwa na nani, na mizuka?

Urais ni hesabu nyingine. Tazama 2013. Martha Karua na Peter Kenneth wote walitoka Mlimani, na wote walisimama wakati Mlima ulikuwa umeshaamua kwamba kura ni za Uhuru Kenyatta. Kenneth ni mwanamume, alikuwa na helikopta na matangazo kila kona, na bado hakufikisha asilimia moja. Karua pia hakufikisha. Kilichowaangusha ni lile neno la "usitupe kura yako." Mpiga kura akishaamini kwamba mtu wako hawezi kupata zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na asilimia 25 katika kaunti 24, atakusifu, atakuombea, kisha ataenda kumpigia yule mkubwa wa kwao.

Na hapo ndipo uvumi wa kujiondoa unapoua. Mwaka huohuo wa 1997 Wangari Maathai naye alikuwa mgombea urais. Siku chache kabla ya kupiga kura ikaenezwa habari kwamba amejitoa. Hata wale wachache waliokuwa wamemkusudia wakaenda kwingine. Kwa hiyo wenzako wa chama wakimpenda mtu, kazi yao mkesha wa uchaguzi ni kupiga simu na kusema: bado yumo.

*Gavana akitaka urais, lazima ajiuzulu kwanza?* — Msomaji, Eldoret

Hapana. Sheria ya uchaguzi inawataka maafisa wa umma wang'atuke miezi sita kabla, lakini gavana, mbunge, rais na naibu wake hawaguswi na sharti hilo. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo ukisikia mkuu wa shirika fulani la serikali ametajwa, ngoja Februari. Akiwa bado kwenye kiti chake Machi, uvumi wake umekufa.

*Mama, kwa heshima, huyo mnayemshabikia ameachika. Aliyeshindwa na nyumba moja ataiwezaje nchi?* — Mzee wa kanisa

Mzee, kifungu cha 137 nimekisoma mbele na nyuma. Kinataka raia wa kuzaliwa, mwenye sifa za kugombea ubunge, na zile saini. Ndoa haimo.

Nimewaona wanawake wakikatazwa kwa sababu wameachika, wakikatazwa kwa sababu hawajaolewa, na wakikatazwa kwa sababu wameolewa. Marehemu Joyce Laboso aliambiwa akaombe kura kwa kina mume wake, kwa kuwa aliolewa nje ya Bomet. Alisimama Bomet, na 2017 akawa gavana wao. Nikipata barua ya kumuuliza mgombea mwanamume kama mkewe wa kwanza yuko wapi, nitaichapisha hapa kwa herufi kubwa.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 23, nimemaliza diploma, sina kazi. Watu wanaosema ni wa kampeni yake wananitaka niwakusanyie saini katika wadi yetu. Nikubali?* — Msomaji, Mwingi

Marahaba mwanangu. Kubali, lakini kwanza waulize wao ni nani. Mwaka jina la mgombea halijatangazwa hutokea watu wengi wa "kampeni" ambao mgombea mwenyewe hawajui. Taka barua yenye muhuri wa chama, jina la atakayekulipa, na kiasi. Kwa hayo ya malipo ujumbe wa simu unatosha, mradi kiasi kimeandikwa.

Fomu iwe na jina la mgombea na la kiti juu kabisa. Ukipewa karatasi tupu yenye mistari ya majina na nambari za vitambulisho, irudishe. Mwaka 2021 Wakenya wengi walifungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia, na huenda majina hayo yalitoka kwenye karatasi za namna hiyo. Wewe ndiye utakayekutana na majirani hao kisimani, si mheshimiwa.

Mweleze kila mtu saini ni ya nini kabla hajaandika, na asiyetaka mwache aende zake. Pesa ya fotokopi wadai mapema. Usitoe mfukoni mwako ukitumaini kurudishiwa. Nambari yao ya simu ukishaipata, nipigie, kuna wawili watatu nitawatambua kwa sauti.