Je, mlio wa sikio langu unatoka shingoni?

SWALI: Daktari, huu ni mwezi wa tano nikisikia mlio mwembamba, kama wa mbu, katika sikio la kushoto. Shingo hukakamaa upande huohuo, na nikigeuza kichwa mlio hupanda. Eksirei imeonyesha kuwa pingili za shingo zimeanza kulika, nami nimeambiwa kwamba chanzo ndicho hicho. Je, ni kweli? Nimwone nani?

JIBU: Pole sana kwa usumbufu huo. Inawezekana, lakini eksirei peke yake haithibitishi, kwa kuwa kulika kwa pingili huonekana pia kwa watu wengi wa makamo ambao hawajapata kusikia mlio wowote. Kwangu dalili yenye uzito zaidi ni kwamba mlio hupanda unapogeuza kichwa. Neva za sehemu ya juu ya shingo hupeleka taarifa za misuli na viungo katika kituo kilekile cha shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, kinachopokea sauti kutoka sikioni, na misuli hiyo ikikaza au ikiumia, kituo hicho huweza kusisimka hata ukasikia sauti isiyokuwapo. Taya nalo lina njia kama hiyo. Uma meno kwa nguvu, uone kama mlio unabadilika, kisha umweleze daktari.

Hata hivyo, nakusihi usianzie shingoni, kwa sababu mara nyingi mlio huambatana na kupungua kwa usikivu ambako mwenyewe hajakugundua. Mwone kwanza daktari wa masikio, pua na koo, achungulie kama kuna nta, akupime usikivu na kukuuliza dawa unazotumia, kwani aspirini ya dozi kubwa, kwinini ya malaria na jentamaisini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria, huweza kuleta mlio. Kwa kuwa wako uko upande mmoja, mwulize kuhusu kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, ili aondoe shaka ya uvimbe wa neva ya sikio, ambao ni nadra. Sikio likionekana salama, ndipo mtaalamu wa fiziotherapia aichunguze shingo. Kabla ya hapo usikubali mtu yeyote akuzungushe shingo kwa nguvu.

Mlio ukianza kudunda sambamba na mapigo ya moyo, mishipa ya damu ya shingo na kichwa ichunguzwe mapema. Usikivu ukipotea ghafla, au uso ukipooza, nenda hospitali siku hiyohiyo.