Nyumba nzima kwa siku za mahafali ya UDOM

Umeuliza kama hapa Dodoma zipo nyumba nzima za kukodi siku chache, mje kwenye mahafali ya UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Zipo mkuu, si lazima mgawane vyumba vya lodge watu kumi na wawili. Tafuta mtaa wa Iyumbu kwanza, zile nyumba za NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) na zinazozizunguka, maana chuo kiko upande huohuo. Ukikosa, nenda Kisasa au Ilazo. Mimi ni mwenyeji hapa, na mwaka mdogo wangu alipohitimu tulichukua nyumba ya vyumba vinne kwa siku tatu, wamama wakapika wenyewe uani na gharama ikawa chini ya lodge.

Ila wahi. UDOM na vyuo vingine vya hapa, St. John's na Mipango, wakikaribiana tarehe za mahafali, mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili hivi, mji unajaa. Na Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti likiwepo, bei si za kawaida hata kwa chumba kimoja.

Kabla hujatuma hela kwa dalali, mtu wako aliyepo huku aende akafungue bomba kwa mkono wake. Maji Dodoma ni ya mgao maeneo mengi, kwa hiyo simtanki iwepo na iwe imejaa. Sisi tulikuta tupu, bibi akaoga maji ya ndoo ya elfu moja. Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, mkubaliane mapema nani ananunua.

Wanaokuja na basi watashukia stendi ya Nzuguni, Kisasa si mbali. Wa treni ya SGR wanashukia Mkonze, hao waandalie usafiri.