Utitiri kwenye pilipili za dirishani

Dada yangu wa Nyegezi uliyeuliza kama pilipili zako zina ukungu, hayo madoa ya njano na utando mwembamba chini ya majani ni dalili za utitiri, vijidudu vidogo sana, si ukungu. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoti vikitembea, ndio wenyewe.

Huku Kirumba, Mwanza, utitiri hunisumbua kila kiangazi, maana hupenda joto na ukavu. Tenga mche huo leo hii. Osha majani kwa maji yenye nguvu, hasa upande wa chini, kisha jioni puliza sabuni ya maji: kijiko kimoja cha chai kwa lita. Jaribu jani moja kwanza, sabuni kali huunguza. Rudia kila siku 5 kwa wiki 3. Wengi hushindwa hapa: sabuni haiui mayai, na kwenye joto huanguliwa ndani ya siku chache tu.

Usikimbilie dawa ya wadudu yoyote. Utitiri una miguu 8, ni jamaa ya buibui, na dawa nyingi haziudhuru. Ukizidi, mpelekee afisa kilimo wa kata jani kwenye mfuko uliofungwa. Akikuandikia abamektini, dawa ya kuua utitiri, pulizia nje, vaa glavu, na tafadhali usimwage mabaki mtaroni. Yanaishia ziwani na huua samaki.